Tumbo Linakaza, Linaachia: Maswali Yenu Kuhusu Maumivu ya Miezi ya Mwisho ya Ujauzito

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: tumbo linauma, siku za kujifungua bado, je, nikae nyumbani au niende hospitali? Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Wiki tunazozitaja zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama zilivyoandikwa kwenye kadi yako ya kliniki.

Mimba yangu ni ya kwanza, ina wiki 33. Kila jioni tumbo zima linakaza na kuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo, halafu baada ya muda mfupi linalegea. Haliumi sana ila linanitia hofu. Mama mkwe anasema ni mtoto anajinyoosha, jirani anasema uchungu umeanza mapema. Nani nimsikilize?

Dada, kwa jinsi ulivyoeleza, huenda wote wawili hawajapatia. Mtoto akijinyoosha, utaona uvimbe upande mmoja tu, labda kisigino au makalio yamesukuma, na sehemu nyingine ya tumbo ikabaki laini. Tumbo likikaza lote kwa pamoja, kinachokaza ni mfuko wa uzazi wenyewe. Mfuko huo ni msuli, na msuli wowote hukaza na kulegea.

Mikazo hii ina majina mengi. Vitabu vinaiita mikazo ya Braxton Hicks, kwa jina la daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliyeieleza mwaka 1872. Wengine husema uchungu wa majaribio, na huko wodini utasikia zaidi "uchungu wa uongo". Jina hili la mwisho hatulipendi. Mama anayeumwa akiambiwa ni uongo hujiona amezusha, na siku nyingine hanyanyuki hata pale anapopaswa kukimbia. Mkazo unaousikia ni mkazo kweli. Ila haufungui njia.

Kwa nini haufungui? Msuli wa mfuko wa uzazi umefumwa kwa nyuzi nyingi mno. Kwa muda mrefu wa ujauzito nyuzi hizo haziwasiliani vizuri: fungu moja linakaza huku, jingine kule, kama watu wanaovuta kamba bila mtu wa kuwahesabia. Siku za kujifungua zikikaribia, kati ya seli na seli huota viunganishi vinavyopitisha ishara haraka, na vipokezi vya homoni ya oksitosini huongezeka. Hapo ndipo kamba inavutwa kwa pamoja, na mlango wa kizazi unaanza kulainika, kufupika na kufunguka.

Mikazo ya majaribio huanza tangu miezi ya kati, ingawa wengi huihisi zaidi miezi mitatu ya mwisho. Ina vichochezi vinavyojulikana: kibofu kilichojaa, kutokunywa maji ya kutosha, kusimama au kutembea kwa muda mrefu, tendo la ndoa, mtoto kucheza sana, hata kushikwashikwa tumbo. Kwamba kwako huja jioni si ajabu. Mwili umechoka, pengine mchana kutwa umekunywa maji kidogo, na hatimaye umekaa kitako ukapata nafasi ya kuusikiliza.

Jioni ya leo ikianza, fanya hivi kwa mpangilio huu. Nenda ukakojoe kwanza, hata kama hujabanwa. Kunywa glasi mbili za maji taratibu. Kama ulikuwa umesimama, lala kwa ubavu. Kama ulikuwa umelala au umekaa muda mrefu, inuka utembee kidogo. Usilale chali, kwa sababu uzito wa mfuko wa uzazi hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukipenda, oga maji ya vuguvugu, yasiwe ya moto sana. Halafu weka mkono tumboni na uhesabu kwa saa nzima. Mikazo ya majaribio kwa kawaida hupungua au kutawanyika.

Sasa sehemu ambayo tunaomba uisome mara mbili. Wewe hujafika wiki 37, kwa hiyo kipimo chako ni kikali kuliko cha mama aliyetimiza miezi. Ukihesabu mikazo 4 au zaidi ndani ya saa moja licha ya kupumzika na kunywa maji, nenda ukapimwe saa hiyo hiyo, usingoje kupambazuke. Nenda pia, bila hata kuhesabu, ukiona maji au damu inatoka, ute umebadilika ghafla ukawa mwingi au wa majimaji, kiuno kinauma kwa kuja na kuondoka, au unahisi kitu kinasukuma chini kama mtoto anataka kutoka. Kuna sababu ya kusisitiza. Kabla ya wiki 34, daktari akiona kweli uchungu umeanza, zipo sindano za kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa, na hufanya kazi vizuri zaidi zikipata muda, angalau siku nzima, kabla ya mtoto kuzaliwa. Aliyefika mapema hupata muda huo. Na akina mama wengi wanaofika na mikazo ya mapema hupimwa, njia ikakutwa imefunga, wakarudi nyumbani na mimba ikaendelea. Lakini hilo hujulikana kwa kupima mlango wa kizazi. Kwa kukisia halijulikani.

Niko wiki ya 38. Nitajuaje kwamba huu ndio uchungu wenyewe? Kila mtu ananiambia "utajua tu", lakini mimi sijui.

"Utajua tu" ni jibu linalowaumiza wengi, hasa wa mimba ya kwanza. Ukali wa maumivu peke yake hauamui. Kuna mikazo ya majaribio inayouma hadi mama akashika ukuta, na kuna uchungu wa kweli ambao saa za kwanza ni kama maumivu ya hedhi tu. Angalia mwenendo. Unahitaji vitu viwili, mkono wako na saa.

Anza na mkono. Weka vidole vilivyolala, si ncha za kucha, juu ya kitovu karibu na kilele cha tumbo. Sasa kwa mkono mwingine gusa uso wako. Shavu lako linavyobonyea ndivyo tumbo lililolegea linavyokuwa. Tumbo likibonyea kama ncha ya pua, huo ni mkazo mdogo. Likiwa kama kidevu, ni wa kati. Likiwa kama paji la uso, vidole haviingii kabisa, huo ni mkazo wenye nguvu. Wakunga hufundishwa kipimo hiki kwa sababu kila mtu anatembea na uso wake. Jambo la kuangalia zaidi ni tumbo kurudi kuwa shavu kati ya mkazo na mkazo. Mikazo yote ya kawaida, ya majaribio na ya kweli, huachia.

Kisha saa. Andika muda mkazo unapoanza na unapokwisha. Urefu wa mkazo ni tangu unapoanza hadi unapoachia. Nafasi kati ya mikazo huhesabiwa tangu mwanzo wa mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Wengi hukosea hapo: huanza kuhesabu mkazo unapoisha, nafasi ikaonekana fupi kuliko ilivyo, wakafika hospitali wakidhani wako dakika 5 kumbe wako dakika 6 au 7.

Tazama karatasi ya kwanza. Mikazo imeanza saa 2:05, 2:19, 2:26, 2:51 na 3:30 usiku. Urefu wake sekunde 20, 45, 30, 90 na 25. Nafasi ni dakika 14, 7, 25, halafu 39. Hakuna mpango, na mwishoni inazidi kuachana. Haya ni majaribio, hata kama ule wa sekunde 90 uliuma.

Karatasi ya pili: saa 5:00, 5:08, 5:15, 5:22, 5:28, 5:34. Urefu sekunde 35, 40, 45, 50, 50, 60. Nafasi zinapungua, urefu unaongezeka, na mama huyu akiendelea hivyo, baada ya muda hataweza kumaliza sentensi mkazo ukiwa umeshika. Huu ni uchungu. Mara nyingi utauhisi unaanzia kiunoni ukazunguka kuja mbele, ilhali wa majaribio hukaa mbele tu. Ukioga hauondoki, ukilala unakuamsha, ukitembea unazidi.

Kama ni mimba yako ya kwanza, haina tatizo lolote na hospitali haiko mbali, muda wa kuondoka ni pale mikazo inapokuja kila dakika 5, kila mmoja ukichukua kama dakika 1, na hali hiyo ikadumu saa nzima. Aliyewahi kuzaa asingoje hadi hapo, kwa kuwa njia yake huweza kufunguka haraka. Aanze safari mikazo ikifika kila dakika 10 kwa mpangilio. Aliye mbali na hospitali au aliyejifungua haraka mara ya mwisho aondoke mapema zaidi ya hapo. Mwenye mapacha, presha, mtoto aliyekaa kwa makalio, kondo la nyuma lililokaa chini au kovu la upasuaji asitumie kanuni hii kabisa. Afuate alichoelekezwa kliniki.

Halafu jua kwamba kuna kipindi cha katikati kinachowachosha wengi. Njia inaanza kufunguka polepole, mikazo inakuja usiku, inapoa asubuhi, inarudi jioni. Kwa mimba ya kwanza kipindi hiki huweza kuchukua saa nyingi sana, hata zaidi ya siku. Tangu mwaka 2018 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unahesabu leba iliyochanganya, yaani iliyoshika kasi, kuanzia njia ikiwa imefunguka sentimita 5, na safari yote ni hadi 10. Kwa hiyo ukiambiwa uko sentimita 2, usidhani mwili umekwama. Kula chakula chepesi, kunywa maji, lala kila unapopata nafasi. Nguvu unazozitunza hapa utazihitaji baadaye.

Ute mzito wenye michirizi ya damu, kahawia au waridi, ni dalili kwamba mlango wa kizazi unabadilika. Uchungu huweza kufuata baada ya saa chache au baada ya siku kadhaa. Michirizi haina shida. Damu inayotiririka kama hedhi si ute. Hiyo ni ya kwenda hospitali.

Nikigeuka kitandani au nikikohoa nasikia kitu kinanichoma kinenani upande wa kulia. Kinapita sekunde chache. Wiki 29.

Hizo ni kano zinazoushika mfuko wa uzazi kutoka pande zake mbili hadi kinenani. Zimevutwa kadiri tumbo lilivyokua, na ukijigeuza ghafla zinachoma kwa maumivu makali mafupi. Upande wa kulia huuma mara nyingi zaidi. Kunja magoti kabla ya kugeuka, geuza mabega na nyonga pamoja, weka mto kati ya mapaja. Ukihisi chafya au kikohozi kinakuja, inama kidogo mbele.

Ila kama maumivu ya kulia yanakaa tu, yanazidi saa hadi saa, na umepata homa, kichefuchefu au hamu ya kula imekata, usiyaite ya kano. Kidole tumbo kinaweza kuvimba kwa mjamzito pia, na kwa kuwa mfuko wa uzazi umejaza tumbo, maumivu yake pengine yakawa juu kidogo ya pale yanapotarajiwa.

Tumbo la chini linauma kama hedhi inataka kuja, na ninakwenda kukojoa kila mara. Nadhani ni mtoto ameshuka. Niko wiki 31.

Mtoto kushuka kwenye nyonga huleta kukojoa mara kwa mara, ni kweli, lakini kwa mimba ya kwanza hilo hutokea zaidi wiki chache kabla ya kujifungua. Wiki 31 ni mapema, na hayo uliyoyaeleza yanafanana zaidi na maambukizi ya njia ya mkojo. Mjamzito huyapata kirahisi kwa kuwa homoni hulegeza mirija ya mkojo na mfuko wa uzazi huigandamiza, mkojo ukachelewa kutoka. Wengine hawasikii hata kuungua wakikojoa.

Tusingependa uyapuuze, kwa sababu maambukizi haya yanaweza kuamsha mikazo kabla ya wakati, na yakipanda kwenye figo utapata homa, kutetemeka na maumivu ubavuni chini ya mbavu kwa nyuma. Peleka mkojo upimwe kesho asubuhi. Ukipata homa usingoje kesho. Kinga kwa chombo kisafi mkojo wa katikati, ule wa mwanzo uuache upite. Ukipewa antibayotiki, mweleze mhudumu umri wa mimba, na umalize dozi hata kama nafuu imekuja siku ya pili.

Nina wiki 35. Tangu jana nina maumivu chini ya mbavu za kulia, yanafika chembe ya moyo. Nimekunywa dawa ya kiungulia lakini haijasaidia. Kichwa nacho kinaniuma. Nisubiri kliniki ya wiki ijayo?

Usisubiri. Nenda leo, na mama mwingine yeyote anayesoma haya akiwa na dalili kama hizi aende sasa hivi.

Maumivu ya hapo yanaweza kuwa kiungulia, yanaweza kuwa mtoto anasukuma mbavu. Lakini kwa mimba iliyopita wiki 20, maumivu chini ya mbavu za kulia au chembeni pamoja na kichwa kuuma ni dalili za presha ya ujauzito iliyofika pabaya, ile inayozaa kifafa cha mimba. Hapo ini linakuwa limeathirika na utando unaolifunika unavutwa, ndiyo maana dawa ya kiungulia haifanyi kitu. Dalili nyingine ni kuona vimulimuli au ukungu machoni, kutapika, uso na mikono kuvimba ghafla. Kuna wanaopata hali hii bila kuvimba hata kidogo, kwa hiyo kutovimba kusikutulize.

Ukifika, taja dalili zote kwa pamoja, usiseme "kiungulia" tu, maana ukisema hivyo utapewa dawa ya kiungulia. Omba upimwe presha na protini kwenye mkojo. Presha ya 140/90 au zaidi inahitaji kufuatiliwa. Ya 160/110 ni dharura ya kutibiwa papo hapo. Pia utachukuliwa damu kuangalia ini, figo na chembe sahani zinazogandisha damu. Sindano ya magnesiamu salfeti hutolewa kuzuia degedege.

Mke wangu, wiki 34, aliteleza bafuni akaangukia tumbo. Damu ni matone tu lakini analalamika tumbo ni gumu muda wote. Dada yake anasema hiyo ni mikazo ya kawaida, apumzike. Nifanye nini?

Kaka, mpeleke hospitali kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Neno lililotushtua ni "muda wote". Mikazo ya kawaida hukaza ikaachia. Tumbo gumu kama ubao lisilolegea, linalouma mfululizo, linatia shaka kwamba kondo la nyuma limeanza kubanduka kabla ya mtoto kuzaliwa. Kondo ndilo linalompa mtoto hewa na chakula. Na udogo wa damu usiwapumbaze: damu inaweza kukusanyika nyuma ya kondo, nje yakaonekana matone tu. Kubanduka huku hutokea pia bila kuanguka, hasa kwa wenye presha, wavutaji sigara na waliowahi kupatwa nako.

Alale kwa ubavu wa kushoto njiani, asile wala kunywa kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji, na mchukue kadi ya kliniki. Kama ultrasaundi ilishaonyesha kondo limekaa chini, semeni mlangoni kabla hajapimwa, kwa sababu kupima njia kwa vidole kunaweza kufungulia damu nyingi. Ulizeni pia kundi lake la damu. Akiwa na kundi lenye alama ya hasi (Rh hasi), anahitaji ndani ya saa 72 sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kujenga kinga dhidi ya damu ya mtoto.

Kwa wasomaji wengine: kipigo au kuanguka kunakogonga tumbo kunahitaji uchunguzi hata pasipo maumivu, na mapigo ya moyo wa mtoto hufuatiliwa kwa angalau saa 4.

Naweza kumeza diklofenaki? Ndiyo iliyonisaidia siku zote kwenye maumivu ya hedhi.

Hapana. Diklofenaki na ibuprofeni ni za kundi moja. Kuanzia wiki 20 zinaweza kudhoofisha figo za mtoto, na kwa kuwa maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wake, maji hayo yakapungua. Wiki za mwisho zinaweza pia kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake ambao unapaswa kubaki wazi hadi azaliwe. Usichanganye hili na aspirini ya dozi ndogo ambayo baadhi ya wajawazito hupewa kuzuia presha ya mimba. Hiyo usiiache bila kuambiwa na aliyekuandikia.

Parasetamo inafaa: vidonge 2 vya miligramu 500, usirudie kabla ya saa 4 hadi 6, usizidishe vidonge 8 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au ugonjwa wa ini aulize dozi yake. Maumivu yakikulazimisha kumeza tena na tena, usiendelee kumeza. Nenda ukajue yanatoka wapi.

Na kwa kuwa barua tatu zimegusia: msimeze mafuta ya nyonyo, mitishamba au vidonge vya misoprosto ili "kuharakisha" uchungu nyumbani. Mafuta yatakuharisha na kukukausha maji. Vidonge vile, bila kipimo na bila mtu wa kusikiliza moyo wa mtoto, vinaweza kukaza mfuko wa uzazi usiachie, hata ukapasuka.

Chupi inalowa kidogo kidogo. Nitajuaje ni mkojo au chupa imepasuka?

Kojoa uishe, vaa pedi safi na kavu, lala nusu saa, kisha simama ukohoe. Mkojo una harufu yake na mara nyingi unaweza kuubana. Maji ya uzazi hayabaniki, hayana harufu ya mkojo, na yatalowesha pedi tena. Hata ukibaki na shaka, nenda na ile pedi. Usiingize kitu ukeni, usijamiiane. Maji ya kijani au kahawia yanaonyesha mtoto amejisaidia ndani. Hapo hata nusu saa usingoje. Ukiona au kuhisi kamba ya kitovu imetokeza, piga magoti, inamisha kifua chini na kuinua makalio, usijaribu kuirudisha, na msaada uitwe mbio.

Nina kovu la upasuaji wa mtoto wa kwanza. Mikazo ya majaribio inaweza kulifungua?

Mikazo ya majaribio kwa kawaida hapana. Kinacholiweka kovu majaribuni ni uchungu wenyewe, na hatari inategemea namna mfuko ulivyokatwa. Mkato wa kulala, sehemu ya chini, una hatari ndogo. Wa kusimama una hatari kubwa zaidi. Kovu la ngozi halisemi lolote kuhusu la ndani, kwa hiyo tafuta maelezo ya upasuaji ule na uyapeleke kliniki mapema.

Uchungu ukianza kwa mpangilio, ondoka mara moja. Na kama pale kwenye kovu panauma hata tumbo likiwa limelegea, au mikazo iliyokuwa na nguvu imekata ghafla, au unasikia kizunguzungu na mtoto hachezi kama kawaida, hiyo ni dharura.

Nimeshakwenda leba mara mbili, mara zote njia imefunga nikarudishwa. Naona haya kurudi tena. Na jana usiku niliona mtoto anacheza kidogo, nikaambiwa hutulia akikaribia kuzaliwa. Wiki 37.

Mama, rudi, tena leo, na si kwa ajili ya mikazo. Mtoto hatulii kwa sababu anakaribia kuzaliwa. Aina ya mchezo hubadilika kwa kuwa nafasi imebana, mateke ya ghafla yakawa kujigeuza na kusukuma, lakini hapaswi kupunguza. Anaendelea kucheza hadi uchungu uanze na hata wakati wa uchungu wenyewe. Hakuna haja ya kukaa unahesabu hadi kesho au kutafuta kifaa cha kusikilizia moyo nyumbani, maana mtu asiyezoea huweza kusikia mapigo yake mwenyewe akadhani ni ya mtoto.

Ukifika sema sentensi hii kwanza: "Mtoto amepunguza kucheza tangu jana usiku." Watasikiliza moyo wake, ambao kwa kawaida hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, na kuuandika kwenye mashine kwa muda. Kuhusu mikazo, chukua karatasi yako ya saa. Mhudumu akiona nafasi na urefu vimeandikwa, anajua kwa haraka kama hali imebadilika tangu mara ya mwisho. Kabla ya kuondoka uliza mambo matatu: njia ni sentimita ngapi, presha ni ngapi, na nikiona nini nirudi bila kusubiri. Waandike majibu kwenye kadi, ili ukirudi mara ya nne atakayekupokea, hata kama ni mwingine, aanzie hapo.